Nilikula supu ya kalkulasi, nikaifaulu kwa mazoezi ya mtandaoni. Uliyekwama na hesabu za chuo ingia hapa

Binti Makorora (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Naandika nikiwa Tanga, Makorora, nyumbani kwa shangazi. Mwaka wa kwanza chuoni testi ya kwanza ya kalkulasi nilipata 9 kati ya 30, ya pili 11, na UE (mtihani wa mwisho wa chuo) ikanishinda. Likizo ndefu ilipoanza nikafunga madesa yangu kwenye begi nikapanda basi la kurudi nyumbani, zimebaki wiki saba kabla ya supu, yaani mtihani wa marudio. Supu niliifaulu. Mwaka wa pili nikakutana na somo jingine la hesabu, nikatoka na B+.

Kila mwaka naona wadogo zetu wenye akili zao timamu wanadisko (wanaondolewa chuo) kwa somo hilihili, na wengi wamekwama palepale nilipokwama mimi. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nilisoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia), hesabu yangu kidato cha tano na sita ilikuwa BAM, ile ya msingi tu. Kwenye ukumbi wa lekcha nimekaa na watu wa PCM na EGM, waliosoma hesabu kamili, ambao difrensheshini (kutafuta kasi ya badiliko) wamekwishaizoea. Nikajiambia tatizo langu ni kalkulasi, sikuifundishwa vya kutosha. Basi nikawa natazama video. Nimetazama video mpaka bando la wiki linaisha Jumanne. Yule mwalimu wa kwenye video akikokotoa naelewa kila mstari. Nikizima simu nikashika kalamu, mkono hauendi.

Wiki ya kwanza ya likizo nikaacha video, nikafungua mazoezi ya Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure. Swali la tatu au la nne likanipa jibu jekundu. Nikarudia, jekundu. Nikakokotoa mara ya tatu polepole, nimeapa kwamba niko sawa, jekundu tena. Nikakasirika nikaona mtandao ndio mbovu. Asubuhi nikalirudia swali lile huku shangazi anachoma mahamri, nikaanza kukagua mstari mmoja mmoja kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Difrensheshini yote ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa mstari wa mwisho: kipeuo cha pili cha x² + 9 nilikiandika x + 3.

Weka x = 4 uone. 16 + 9 ni 25, kipeuo chake 5. Lakini x + 3 ni 7. Si kitu kimoja hata kidogo, na mimi nilikuwa nakiandika hivyo tangu kidato cha pili. Kwenye testi mtu wa kunionyesha mstari ule hakuwepo. Karatasi inarudi imepigwa mkwaju mwekundu, unaona alama tu, unaamini hujui kalkulasi.

Siku ile nikanunua daftari dogo la kaunta, nikaliita daftari la makosa. Kila nikikosa, naandika swali, nilichoandika mimi, kinachotakiwa, na kosa ni la aina gani. Baada ya wiki mbili nikahesabu. Makosa 118. Kati ya hayo 25 tu yalikuwa ya kalkulasi yenyewe. 19 nilikosea kunakili. Yaliyobaki, 74, yote ni aljebra: sehemu, alama ya hasi mbele ya mabano, vipeo, kugawanya nusu ya mlinganyo na kusahau nusu ya pili.

74 kati ya 118. Nilikaa nikaitazama ile namba muda mrefu.

Kwa hiyo wiki ya tatu sikugusa kalkulasi kabisa. Nilirudi kwenye mazoezi ya aljebra ya ngazi ya sekondari, sehemu na vipeo, maswali 40 kwa siku, asubuhi na usiku. Niliporudi kwenye kalkulasi wiki ya nne, yale maswali yaliyokuwa yananitoa jasho yakawa yanaisha kwa mistari mitano.

Nitaendelea na jinsi nilivyokuwa nafanya. Mwenye swali aulize.

Mpanda Baiskeli

Dada umenigusa. Mimi niko Ngamiani, barabara ya 12, mwaka wa kwanza ICT. Ila hiyo intaneti yako ya mazoezi kila siku unaimudu vipi? Bando lenyewe unalijua.

Binti Makorora

Mdogo wangu, mazoezi hayali bando kama video. Swali ni maandishi na picha ndogo. Kilichokuwa kinanimaliza ni video, na nilipoziacha bando lilelile likawa linabaki.

Halafu si lazima uwe hewani muda wote. Kuna Paul's Online Math Notes, za Paul Dawkins, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Lamar kule Texas. Ana aljebra, kalkulasi ya kwanza mpaka ya tatu na milinganyo ya difrensheli. Unazipakua kama PDF. Maswali yake ya mazoezi yana majibu yaliyokokotolewa hatua kwa hatua, na ana mengine ambayo hayana majibu kabisa. Pia OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice wana vitabu vitatu vya kalkulasi, bure, unapakua mara moja unasoma hata umeme ukikatika na mtandao ukizima. Mimi nilipakua vyote siku moja nilipopita maktaba ya mkoa pale mjini, nikamaliza.

Ila karatasi haikuambii papo hapo kwamba umekosea, ndiyo faida ya mazoezi ya hewani. Nilikuwa nagawa: usiku mazoezi ya hewani saa moja, mchana PDF.

Sasa jinsi ya kufanya. La kwanza, kalamu na karatasi. Ukikokotoa kichwani halafu ukabonyeza jibu, ukikosa huna cha kukagua. Kosa lako limepotea hewani. Mimi nilitumia upande wa pili wa karatasi za risiti za dukani kwa shangazi, zote nimezitunza.

La pili, kitufe cha kidokezo. Nilijiwekea sharti la kutokigusa mpaka nimeandika angalau mistari mitatu yangu, hata iwe mibovu. Ukibonyeza mapema unasoma suluhisho, unatikisa kichwa, unasema "aa kumbe", na hilo "kumbe" ndilo lililonila mwaka mzima. Kuelewa kazi ya mtu mwingine ni kitu kimoja, kuifanya mwenyewe ni kitu kingine.

La tatu, swali nililokosa leo nalirudia keshokutwa bila kutazama daftari. Nikilipata nalirudia tena wiki ijayo. Nikilikosa linarudi mwanzo.

La nne ni refu, na ndilo muhimu kuliko yote. Mazoezi ya mtandaoni yamepangwa kwa mada. Ukifungua "sabstitusheni" (kubadilisha herufi ili swali liwe rahisi), maswali yote 15 ni ya sabstitusheni. Unapata 13 kati ya 15, unalala ukitabasamu. Sasa tazama hizi mbili za intigresheni, yaani kinyume cha difrensheshini:

intigreti x·e^(x²)
intigreti x·e^x

Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ya kwanza inakwenda kwa sabstitusheni, unaweka u = x² na inaisha mstari wa pili: nusu ya e^(x²) + C. Ya pili sabstitusheni haikufikishi popote, inataka bai patsi (kuintigreti kwa vipande): x·e^x − e^x + C. Kwenye mazoezi ya mada moja hukuwahi kuulizwa uchague njia. Kichwa cha habari kimeshakuchagulia! Kwenye UE hakuna kichwa cha habari.

Nilichofanya: nikakata vikaratasi, kila kimoja nikaandika namba ya swali na ukurasa, kutoka mada zote, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Jioni mtoto wa shangazi, yuko darasa la tatu, anachomoa vikaratasi kumi bila kuangalia, ananisomea namba. Hizo ndizo kazi zangu za usiku. Wiki ya kwanza ya kopo nilipata nne kati ya kumi. Nilitaka kuacha.

Mwalimu Mstaafu TA

Marahaba binti. Nimefundisha hesabu sekondari miaka mingi, na hilo kopo lako limenifurahisha kuliko unavyodhani, kwa sababu lina ushahidi nyuma yake.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Waliwafundisha kutafuta ujazo wa maumbo manne ambayo si ya kawaida. Kundi moja likafanya maswali ya umbo moja mpaka yaishe ndipo wahamie jingine. Kundi la pili likapewa maswali yaleyale yamechanganywa. Wakati wa mazoezi waliopangiwa kwa mada walipata asilimia 89, waliochanganyiwa asilimia 60. Ungewaona siku hiyo ungesema kundi la kwanza ndio vipanga. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani. Wale wa kwanza wakapata asilimia 20. Waliochanganyiwa wakapata 63.

Kwa hiyo zile nne kati ya kumi hazikuwa dalili mbaya. Zoezi lililochanganywa linauma wakati wa kulifanya. Vijana wengi wanaacha hapo, wanarudi kwenye mada moja moja kwa sababu inawapa moyo.

Na hilo la x + 3, binti yangu, sisi walimu tuna sehemu yetu. Mtoto anafundishwa MAGAZIJUTO (mpangilio wa matendo ya hesabu) darasani, anaijua kwa wimbo, lakini hapewi nafasi ya kukosea vya kutosha mbele ya mtu wa kumrekebisha. Darasa la watoto 90, daftari utasahihisha saa ngapi?

Mdau wa Pongwe

Mbona mnajitesa? Siku hizi unapiga picha swali, Photomath inakupa hatua zote. Akili bandia ndiyo kabisa, inakueleza kwa Kiswahili. Mambo ya makopo na risiti ya nini?

Binti Makorora

Kaka nimetumia vyote viwili na sivikatai. Baada ya kushindwa kwa kweli, ukimwonyesha mashine kazi yako yote na kuiuliza mstari gani umeharibika, inasaidia sana. Usiku wa manane huna wa kumgongea mlango.

Ila nilivyovitumia mwaka wa kwanza ndivyo vilivyonizamisha. Kazi za nyumbani zote nilipata alama nzuri. Kila swali napiga picha, nanakili kwa mwandiko wangu mzuri. Kosa la kipeuo cha x² + 9 halikuonekana hata mara moja, kwa sababu aliyekuwa anakokotoa si mimi. Nilikwenda kulikuta kwenye chumba cha mtihani, simu iko nje kwenye begi.

Na akili bandia nayo ikikosea hesabu inakosea kwa sauti ya kujiamini. Ukitaka kujua kama jibu la intigresheni ni sahihi, lifanyie difrensheshini urudi ulikotoka. Hiyo haihitaji mtu wala mashine.

Mkufunzi wa Semina

Nichangie kutoka upande wa pili wa meza, maana naendesha semina za hesabu mwaka wa kwanza.

Mazoezi ya mtandaoni hayafanani. Kuna ya kuchagua A, B, C, D, haya kwa hesabu za chuo nayaona dhaifu, mtu anaweza kuyajaribu majibu moja moja mpaka moja likubali. Kuna mengine unaandika jibu lako mwenyewe na mfumo unalikokotoa. WeBWorK ni wa namna hiyo, ulizaliwa Chuo Kikuu cha Rochester miaka ya 1990. STACK pia, uliobuniwa na Chris Sangwin wa Uingereza, unaingizwa ndani ya Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni ambao vyuo hutumia), na jirani zetu Chuo Kikuu cha Maseno kule Kenya wanautumia. Ndani yake kuna programu ya aljebra iitwayo Maxima. Ukiandika 2(x + 1) na mwenzako akaandika 2x + 2, wote mnapata, kwa sababu inajua ni kitu kimoja. Ukisahau C kwenye intigresheni inaweza kukuambia: umesahau ile namba isiyobadilika, rudia. Na kila mwanafunzi anapewa namba zake, kwa hiyo kunakili jibu la jirani hakukusaidii, itabidi umuulize alifanyaje. Hapo ndipo diskasheni ya kweli inaanza.

Kwa aliye peke yake bila chuo kumwekea mfumo, MyOpenMath ina kozi za kujisomea bure, maswali yake nayo yanabadilika namba, unaomba jingine linalofanana mpaka ushibe.

Lakini niseme jambo ambalo vijana wangu huligundua wamechelewa. Mazoezi haya yana mwisho wake. Mwaka wa pili na wa tatu unapoingia kwenye uchambuzi na aljebra ya dhahania, swali linasema "thibitisha". Mashine inapima jibu, haipimi hoja vizuri. Nimeona mwanafunzi aliyekuwa anapata asilimia 95 kwenye mfumo, akaandika uthibitisho ambao mstari wa kwanza ulikuwa unadai kile anachotakiwa kukithibitisha. Kwa hilo unahitaji mtu asome karatasi yako na kukuuliza "hii umeitoa wapi?"

Binti Makorora

Asante sana mkufunzi, hapo kwenye "thibitisha" ndipo nilipo sasa, na ni kweli mazoezi yamenipungukia. Tumeunda kikundi cha watu wanne, tunapeana uthibitisho, mmoja anaandika, wengine kazi yao ni kuuliza "kwa nini?" kila mstari. Mwanzoni tulikuwa tunaoneana aibu. Sasa hakuna anayemwonea mwenzake haya.

Kwa Khan Academy niongeze kitu. Mitihani ya mwisho wa kila sehemu, na ule wa kozi nzima, inachanganya mada. Wengi wanairuka kwa sababu ukikosa, ngazi uliyopanda inashuka. Mimi naona ndiyo bora kuliko mazoezi yote ya pale. Ni kopo langu la maziwa, tofauti ni kwamba wamekukatia vikaratasi wao.

Mwanahuria Muheza

Shikamoo Mwalimu, habari zenu wengine. Mimi nasoma Chuo Kikuu Huria, nafanya kazi, nina watoto wawili. Saa zangu ni kuanzia saa nne usiku wakishalala. Nina miaka 15 tangu niache sekondari. Nimesoma uzi wote, nikasema nijaribu hizo mbili za dada kabla sijaendelea kusoma majibu. Ya kwanza nimepata nusu e^(x²). Ya pili nimeandika nusu ya x² mara e^x. Nimeona kwamba si sawa lakini sijui kwa nini si sawa.

Mwalimu Mstaafu TA

Marahaba. Umefanya vizuri kuandika ulichokifanya, wengi wangeficha. Ya kwanza uko sawa, ongeza + C. Kwa ya pili fanya alivyosema binti, difrensheti jibu lako. Unapata nini?

Mwanahuria Muheza

Nimefanya. Natumia kanuni ya kuzidisha: x·e^x + nusu x²·e^x. Kipande cha kwanza ndicho kinachotakiwa, cha pili kimezidi.

Mwalimu Mstaafu TA

Hapo hapo. Ulichukua x peke yake ukaiintigreti, na e^x peke yake ukaiintigreti, kisha ukazizidisha. Kwa kujumlisha na kutoa unaruhusiwa kuvunja vipande. Kwa kuzidisha huruhusiwi, na kipande kilichozidi ndicho ushahidi. Liingize hilo kwenye daftari la makosa, kwa mwandiko wako, leo usiku huu kabla hujalala.

Mpanda Baiskeli

Samahani wakuu, na ile e^(x²) ikiwa peke yake, bila x mbele? Nimekaa nayo nusu saa.

Mkufunzi wa Semina

Iache mdogo wangu, hukukosea. Hiyo haina jibu linaloandikika kwa fomula za kawaida tunazofundisha mwaka wa kwanza, na hilo limethibitishwa tangu karne ya 19. Ile x ya mbele ndiyo inayoifungua, kwa sababu difrensheshini ya x² inatoa 2x. Nusu saa yako haikupotea, umejua x ile inafanya kazi gani pale.

Mwanahuria Muheza

Nimerudi. Nimechukua u = x, dv = e^x dx. Nimepata x·e^x − e^x + C. Nimeidifrensheti: e^x + x·e^x − e^x, imebaki x·e^x. Imerudi yenyewe! Saa sita na robo usiku, mume wangu ananiuliza nacheka nini.

Binti Makorora

Hongera sana dada yangu. Umeikagua mwenyewe, hukusubiri mtu akuambie.

Sasa chukua x²·e^x. Itakutaka ufanye bai patsi mara mbili, na alama ya hasi itakusumbua kwenye ile ya pili, weka mabano. Ukimaliza leta kazi yote hapa, pamoja na mistari uliyokata.

Mpanda Baiskeli, Jumamosi nitakuwa maktaba ya mkoa kuanzia saa tatu asubuhi na lile kopo. Njoo na karatasi zako.